Ushirikina si kushirikiana: asili ya neno na ndugu zake

Ukisikia mtu anaeleza asili ya neno ushirikina, mara nyingi atakuambia limetoka kwenye kushirikiana: mshirikina ni mtu anayeshirikiana na mashetani, au na wachawi, au na mizimu ya ukoo. Maelezo hayo yanapendeza, yanakaa vizuri kwenye mahubiri, na si sahihi. Shina wamelipata, ila tawi walilokalia silo.

Tulivue neno vazi moja moja. Mwanzoni kuna u-, ile inayotengeneza dhana: uchoyo, ulevi, uganga. Ukiitoa inabaki -shirikina. Sasa tazama mwisho. Kiswahili kina kauli ya kutendana na alama yake ni -ana: piga, pigana, shiriki, shirikiana, na kutoka hapo tunapata ushirikiano. Hakuna kitenzi chetu kinachotendana kwa -ina. Hiyo -ina ni mgeni, na amekuja na Kiarabu.

Kwa Kiarabu, mtu anayempa Mungu mshirika huitwa mushrik. Wakiwa wengi, na ndio watenda wa sentensi, ni mushrikuna. Wakiwa watendwa, au wakitanguliwa na neno kama "katika" au "kutoka", ni mushrikina. Umbo hili la pili linajirudia sana ndani ya Kurani. Msikilizaji wa Pwani alilichukua zima zima, na mkia wake wa wingi. Ile mu- ya mbele aliisikia kama m- ya mtu, ile ya mkulima na mpishi, akapata mshirikina mmoja. Wakiwa wengi akasema washirikina. Kwa hiyo neno washirikina lina wingi mara mbili: wa- ya Kibantu mbele, -ina ya Kiarabu nyuma. Wala hilo si ajabu katika lugha yetu. Malaika kwa Kiarabu ni wengi tayari, mmoja ni malak, lakini sisi tunasema malaika mmoja bila kusita. Ulamaa nao ni wingi, na bado utasikia maulamaa.

Nimeanza na mkia kwa sababu ndio unaoamua maana. Kama neno lingetoka kwenye kushirikiana, kosa lingekuwa ni la mtu kukaa kikao kimoja na wabaya. Kumbe limetoka kwa mushrik, na kosa la mushrik ni jingine: amemwekea Mungu mwenzake. Jina la kosa hilo ni shirki. Katika Surat Luqman, aya ya 13, Luqmani anamuusia mwanawe asimshirikishe Mwenyezi Mungu, kwa kuwa shirki ni dhuluma kubwa. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 48, ndiyo dhambi inayotajwa kuwa Mungu haisamehi, na yaliyo chini yake humsamehe amtakaye. Hakuna hirizi hapo, hakuna fisi wa usiku, hakuna ungo unaoruka. Suala ni la hesabu: Mungu ni mmoja, nawe umemfanya wawili.

Masheikh hugawa shirki kubwa na shirki ndogo, na mfano mkuu wa shirki ndogo ni riya, yaani kufanya ibada ili watu wakuone. Anayerefusha sijida kwa sababu mkwe wake yuko safu ya nyuma ameingia kwenye shirki ndogo. Tapeli anayeuza hirizi za karatasi tupu stendi, na moyoni hamwamini hata yule anayemtaja, huyo ana kesi ya utapeli kabla ya nyingine yoyote. Ukipima kwa maana ya asili, wa kwanza yuko karibu zaidi na neno letu kuliko wa pili. Ukipima kwa Kiswahili cha leo cha Moshi au Arusha, ni kinyume kabisa. Safari kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo historia ya neno.

Ndugu wa tumbo moja

Mzizi ni konsonanti tatu: sh, r, k. Maana ya msingi ni watu zaidi ya mmoja kuwa na fungu katika kitu kimoja. Kwa Kiarabu sharik ni mbia, na sharika ni ubia au kampuni. Vitabu vya fikihi vina mlango mzima wa ubia: wawili wanatia mtaji, faida wanagawana vipi, hasara inamwangukia nani. Kwa hiyo neno lenyewe halina ubaya wowote. Ubia ni halali sokoni. Unakuwa kosa pale tu anapoingizwa asiyekuwa na mbia.

Kiswahili kiliubeba mzizi huu kwa mikono miwili. Kwa mkono wa kulia kikapata shiriki, mshiriki, mshirika, shirika, ushirika, ushirikiano. Kwa mkono wa kushoto kikapata shirki, mshirikina, ushirikina. Kilimanjaro ni mahali pazuri pa kuona mkono wa kulia ukifanya kazi. Wakulima wa kahawa walianza na chama chao, KNPA, mwaka 1925. Ikaja sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932. Mwaka 1933 ikasimama KNCU, chama kikuu cha ushirika. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Hapo neno limekaa panapolifaa: kila mwanachama ana hisa, ana fungu, ni mshirika kwa maana ileile ya mfanyabiashara wa kale wa Kiarabu.

(Waarabu wenyewe walipotafuta neno la ujamaa wa kisiasa waliutumia mzizi huuhuu: ishtirakiya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipita njia nyingine likatumia ujamaa, kutoka jamaa, ambalo nalo ni la Kiarabu. Nadhani tuliponea chupuchupu. Siasa ya nchi yenye jina linalokaribiana na ushirikina ingewapa wapinzani wake kazi rahisi mno.)

Kisha kuna usharika, kwa a. Kwa Walutheri wa KKKT, usharika ni kile ambacho Wakatoliki wanakiita parokia: eneo lenye kanisa lake, mchungaji wake, wazee wake na mitaa yake. Wingi wake ni sharika. Ushirika, kwa i, kanisani ni kitu kingine, ni ule umoja wa kiroho, kama katika ile Neema inayosomwa mwisho wa ibada: "na ushirika wa Roho Mtakatifu ukae nanyi nyote." Irabu moja inatenganisha mambo mawili, na ndiyo inayoangusha wachapaji wa kadi za harusi. Ukiandika "ibada itafanyika katika Ushirika wa" fulani, umewaalika watu kwenye chama cha mazao. Ukaguzi wake ni mwepesi: jaribu wingi. Kama unaweza kusema sharika mbili, andika a. Kama wingi hauji, andika i. Shirika linaloleta mashirika ni la tatu, usilichanganye.

Sasa tunaweza kuona kosa la asili tuliloanza nalo lilipata nguvu wapi. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10, Paulo anasema kikombe cha baraka ni ushirika wa damu ya Kristo, na mistari michache baadaye anawakataza waumini wasiwe na ushirika na mashetani. Msomaji wa Kiswahili anakutana na mzizi uleule pande zote mbili, meza ya Bwana na meza ya mashetani, ndani ya ukurasa mmoja. Akitoka hapo akasikia ushirikina, anaunganisha mwenyewe. Si mjinga. Amefuata sauti, na sauti imempeleka kwa Wakorintho, ilhali neno limetoka kwa Luqmani.

Kitenzi kushirikisha ndicho kinachoonyesha mgawanyo huu vizuri kuliko vyote. Ofisini: "Tuwashirikishe wananchi." Kwenye ibada ya nyumbani ya walokole: "Karibu, mama mchungaji, utushirikishe neno." Msikitini: "Usimshirikishe Mwenyezi Mungu na chochote." Ni kitenzi kimoja, kauli ileile ya kutendesha, ila anayetendwa amebadilika. Kwa mwananchi, unampa fungu katika jambo. Kwa neno la Mungu, unawapa watu fungu katika ulichosoma. Kwa Mungu, unampa mbia asiyemtaka. Mwislamu anayemsikia jirani yake akisema "nitamshirikisha Mungu katika biashara yangu" anashtuka, na jirani amekusudia kusema tu kwamba ataiombea. Katika mji kama Moshi, ambako msiba mmoja unaweza kuwa na shehe na mchungaji chini ya turubai moja, ni vizuri msemaji akajua. "Nitamtegemea Mungu" haimkwazi mtu.

Mifano ilipomeza maana

Inakuwaje neno la hesabu ya uungu likaishia kwenye vibuyu? Njia yenyewe si ya ajabu. Mhubiri akifundisha shirki lazima atoe mifano, na mifano ya karibu ilikuwa mitaani: anayekwenda kwa mpiga ramli na kuamini kwamba anajua ya ghaibu, anayetegemea hirizi badala ya Mola, anayechinjia mizimu. Mifano hiyo ilikuwa chini ya maana. Neno lilipotoka msikitini likaingia shuleni, kanisani, polisi na magazetini, maana ilibaki mlangoni, mifano ikaingia. Leo ukimwomba mtu aeleze ushirikina hatakutajia mbia wa Mungu. Atakutajia mganga.

Na ukivitazama vyombo vya huyo mganga, utaona vingi vina majina yenye nasaba. Ramli ni mchanga kwa Kiarabu. Elimu yenyewe inachora safu nne, kila safu ina nukta moja au mbili, kwa hiyo sura zinazowezekana ni mbili mara mbili mara mbili mara mbili, yaani 16, na mpigaji anasoma sura hizo. Anayetikisa simbi kwenye ungo akasema anapiga ramli ameazima jina tu. Talasimu imepitia Kiarabu, lakini asili yake ni Kigiriki. Hirizi ni kinga, Kiarabu. Tunguri, chale na zindiko hazihitaji kwenda mbali.

Kwenye kafara tusimame kidogo. Mzizi wake ni k, f, r, na maana ya kale ni kufunika. Kafiri ni mwenye kuifunika haki, na kafara ni kinachoifunika dhambi. Katika sheria ya Kiislamu kafara ina vipimo kamili. Aliyevunja kiapo, kwa mujibu wa Surat Al-Maida aya ya 89, alishe masikini kumi, au awavishe, au aache huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Ni sadaka ya toba, tena ya kuwanufaisha maskini. Mtaani kwetu "ametoa kafara" maana yake amemuua ndugu yake ili apate utajiri. Neno lililokuwa dawa ya dhambi limekuwa dhambi yenyewe. Ushirikina angalau ulianzia upande mbaya ukabaki huko.

Uchawi ni neno la Kibantu, la zamani, na halihitaji Mungu wala mbia katika maana yake. Linahitaji mtu anayedhaniwa kuwadhuru wengine kwa nguvu za siri. Sheria nayo imechagua hilo: kuna Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, Sura ya 18, na jina lake halina ushirikina. Uganga ni kuponya, na una njia yake ya halali kupitia Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Ukiweka mezani mganga anayechemsha mizizi, mpiga ramli anayemtaja jirani kuwa ndiye adui, na mtu anayesemwa usiku anaruka, una vitu vitatu. Kuviita vyote ushirikina ni kuweka chumvi, sukari na magadi kwenye mkebe mmoja kwa kuwa vyote ni vyeupe.

Gazeti ndilo linalopenda mkebe huo. "Auawa kwa imani za kishirikina." Imani za nani? Sarufi haisemi. Kihusishi kwa kimesimama kati ya marehemu na imani, na msomaji wa haraka anaondoka akidhani bibi kizee aliyekatwa panga ndiye aliyekuwa na imani hizo. Kumbe wenye imani ni waliokuja na panga. Marekebisho hayagharimu nafasi: "Auawa akituhumiwa uchawi" ni maneno matatu, na yanamweka kila mtu mahali pake. Kama kulikuwa na mpiga ramli aliyechongea, mtaje kwenye sentensi ya pili. Serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, lililozoeleka likawa "ramli chonganishi", na hilo ni neno zuri kwa sababu linaeleza madhara yenyewe: kuchonganisha.

Michezoni mkebe huo hauna madhara makubwa. Timu ikipita mlango usio rasmi ikatozwa faini, taarifa itasema vitendo vinavyoashiria ushirikina, na kila mtu anaelewa. Hapo sina ugomvi.

Uzushi, jirani wa mbali

Wanaotafsiri vitabu vya dini hukutana na neno la pili la imani isiyo ya kweli, uzushi, na hulichanganya na ushirikina. Mizizi yao haikutani popote. Uzushi ni Kibantu: zua, zuka, zusha, mzushi. Kuzua katika Kiswahili cha zamani ni pamoja na kutoboa na kukitoa kitu kilichokuwa hakipo machoni, na kuzuka ni kutokea ghafla. Ndiyo maana mzuka ni kiumbe kinachokutokea, na ndiyo maana vijana wa Arusha wakijisikia vizuri wanasema wana mzuka. Mzushi basi ni mleta jipya. Kosa lake ni kwamba kitu chake hakikuwepo, amekitoa kichwani.

Waislamu walipata hapo tafsiri iliyo tayari kwa bidaa, ambayo kwa Kiarabu nayo ni jambo jipya lililoanzishwa. Hadithi maarufu inayosema kila bidaa ni upotevu utaisikia pia kwa umbo la "kila uzushi ni upotevu", na tafsiri imekaa sawasawa, jipya kwa jipya.

Kwa Wakristo hali ilikuwa ngumu zaidi. Neno walilotakiwa kulitafsiri ni la Kigiriki, hairesis, nalo halina upya ndani yake. Lina uchaguzi. Limetoka kwenye kitenzi cha kuchukua na kuchagua, na kwanza lilikuwa neno safi: shule ya falsafa uliyoichagua, kundi ulilojiunga nalo. Katika Matendo ya Mitume bado linatumika hivyo kwa Masadukayo. Ubaya uliingia taratibu, pale kuchagua kwako kulipoonekana ni kuliacha kanisa. Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka makanisani, ile ya 1952, ililazimika kuligawa neno moja la Kigiriki kwa mawili. Katika Matendo 5:17 ni "madhehebu ya Masadukayo". Katika Waraka wa Pili wa Petro 2:1, walimu wa uongo wataingiza "uzushi wa kupoteza". Naona walifanya vizuri. Mtu akikuuliza kama Kigiriki kilisema uzushi au madhehebu, jibu ni kwamba kilisema uchaguzi, na muktadha ukaamua.

Leo uzushi umeshuka zaidi, umekuwa habari ya uongo tu. Msanii anazushiwa kifo asubuhi, mchana anaonekana anakula nyama choma. Wazushi wana methali yao ya kujitetea, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nitaiheshimu siku watakapokumbuka kurudi kusema halikuja.

Ukitaka kuchimba neno mwenyewe

Kwa neno linaloelekea kuwa la Kiarabu, kazi ni hii. Ondoa kiambishi cha mbele, ondoa irabu na kauli za nyuma, baki na konsonanti tatu. Tafuta maneno mengine ya Kiswahili yenye konsonanti hizo kwa mpangilio uleule, yaweke mstari mmoja, uone kama maana zinaitikiana: amini, imani, amana, amani, mwaminifu. Hapo una m na n zinazosikika, na ya kwanza ni pumzi tu ya kooni iliyopotea katika maandishi yetu. Baada ya hapo ndipo ufungue kamusi, tena zaidi ya moja na za miaka tofauti. Krapf ni wa 1882, Madan wa 1903, Johnson na Sacleux wamekuja 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu 1981. Kamusi moja inakupa maana; kadhaa za miaka tofauti zinakuonyesha maana ikihama.

Panapoharibika ni patatu. Kwanza, kiambishi cha uongo. Madhehebu kwa Kiarabu ni madhhab, na ma- ni sehemu ya neno lenyewe. Sisi tuliisikia kama ma- ya wingi, tukaivua, tukapata dhehebu moja ambalo Mwarabu halijui. Kitabu vilevile: ki- yake ni ya mzizi k, t, b, lakini tunasema vitabu. Ukiivua ki- hiyo bila kuangalia unabaki na mzizi pungufu.

Pili, herufi zetu ni chache kuliko zao. H ya hewa, ya haki na ya habari ni herufi tatu tofauti kwa Kiarabu. Dh ya dhahabu, ya dhuluma na ya dhamana pia ni tatu. Na ile ayn yao kwetu haina herufi kabisa, imebaki kama irabu mbili zinazofuatana: saa, jamaa, bidaa. Kwa hiyo jumla na jumuiya, zinazosikika kama dada, hazina uhusiano. Jumuiya, jamii, jamaa na Ijumaa ni za j, m, ayn. Jumla na jumlisha ni za j, m, l. Watu wazima wenye shahada wameanguka hapo.

Tatu, hadithi nzuri. Ukipata asili inayokufurahisha sana, hasa inayofaa kumalizia hotuba, irudie tena kwa kalamu. Kushirikiana na mashetani ilikuwa moja ya hizo.

Kuchagua neno

Swali linalobaki kwa mwandishi ni hili: mtu ameamini jambo lisilo kweli, nimwite nani? Mara nyingi jibu si ushirikina wala uzushi. Ni dhana potofu, basi. Dhana ni kudhani, haijafikia imani. Itikadi ni nzito zaidi, mzizi wake ni kufunga fundo, ndiyo maana kumtoa mtu kwenye itikadi yake ni kazi kuliko kumtoa kwenye dhana. Na andika potofu, usiandike potevu. Potofu ni ya kupotoka, kupinda. Potevu ni ya kupotea. Upotevu wa mizigo, upotofu wa maadili. Yule wa Luka 15 ni mwana mpotevu: alipotea, akaonekana. Angeitwa mpotofu, baba yake asingekuwa na haraka ya kuchinja ndama.

Mwaka 2011, watu walipopanga foleni ya magari hadi Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, shilingi 500 kila kikombe, mabishano ya maneno yalikuwa makali kama ya dawa. Wengine walisema karama, wengine tiba asili, wengine ushirikina. Kwa vipimo vya hapa, ushirikina haukai: hapakuwa na ramli wala kafara, na aliyetajwa ni Mungu. Dai kwamba mizizi iliyochemshwa inaponya ukimwi na kisukari lilikuwa dai la kupimwa hospitali, kabla na baada, kwa damu. Aliyeacha dawa zake kwa sababu ya dai hilo alikuwa na dhana potofu, na neno hilo linatosha bila kumtukana mtu dini yake.

Kuna kundi jingine ambalo ushirikina ni mzito mno kwalo: bundi juu ya paa, nyoka aliyekatiza njia, mkono unaowasha, namba 13 katika vitabu vya kutafsiri. Ulaya wana superstitio ya Kilatini iliyoingia katika lugha zao nyingi na kufunika vyote. Sisi tuna mkosi, nuksi, kisirani, na Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno zuri kuliko yote hayo: ndege. Ndege njema ni dalili ya heri, ndege mbaya ni dalili ya shari. Kiarabu kinafanya vilevile, tiyara ya mikosi imetoka kwenye tayr, ndege, na Warumi waliita kazi hiyo auspicium, kutazama ndege. Ningependa kuliona likirudi, lakini sijui kwa njia gani. Ukiandika leo kwamba mfanyabiashara wa Arusha aliahirisha safari kwa kuwa alipata ndege mbaya, wasomaji wako wote watajua kilichotokea: alifika uwanja wa ndege wa KIA, wakamwambia injini ina hitilafu.